Kikapu cha Kuumulia Mkate: Kabla Hujatoa Hela ya Bumu

Siku hizi ukishika simu usiku, kati ya matokeo ya mpira na umbea wa mjini, hukosi kukutana na mikono isiyo na sura ikipindua kikapu. Kikapu kinanyanyuliwa taratibu, chini linabaki donge la unga jeupe lenye duara ndani ya duara, kama maji ya bwawa yaliyotupiwa jiwe. Wembe unapita juu yake mara moja, oveni inafungwa, sekunde tatu baadaye mkate umeshatoka, ganda limepasuka kwa madaha. Video imeisha. Wewe umebaki na njaa na swali moja: hicho kikapu kinauzwa wapi?

Swali hilo linaulizwa sana huku kwenye mageto, hasa na wale wanaofikiria kuoka mikate ya kuwauzia majirani ili kusogeza siku mpaka bumu lijalo. Ni swali halali, ila limewahi foleni. La kwanza ni kwamba kikapu chenyewe kinafanya kazi gani. Asiyejua kazi ya kifaa huuziwa chochote, na hela yetu mnaijua wenyewe inavyokaa mfukoni.

Kikapu hiki asili yake ni kwa waokaji wa Ulaya. Wafaransa wanakiita banneton. Wajerumani wanakiita Gärkörbchen, yaani kikapu kidogo cha kuumulia, na kwa kweli jina lao limesema kila kitu. Cha Kifaransa cha kizamani husukwa kwa fito nyembamba za mti wa willow na kushonewa kitambaa cha kitani ndani. Cha Kijerumani kinachojulikana zaidi ni cha henzerani: uzi mnene uliozungushwa kuanzia chini mpaka ukingoni kama nyoka aliyejikunja, bila kitambaa, ndiyo maana mkate unatoka na zile duara. Henzerani yenyewe wala haioti Ulaya. Ni mmea wa jamii ya mitende unaotambaa juu ya miti katika misitu ya Asia ya Kusini-Mashariki, Indonesia hasa, na ni hiyohiyo iliyosukiwa viti vya sebuleni kwa babu na bibi.

Kwa karne na karne kilikuwa kifaa cha kazi tu, kama mwiko. Pale Paris duka la Poilâne, lililofunguliwa mwaka 1932, bado linajulikana kwa mkate wake mkubwa wa duara wenye uzito wa karibu kilo mbili, mkate wa aina inayolelewa kwenye kikapu kabla ya kuingia tanurini. Kilichokitoa kikapu kwa waokaji na kukileta kwenye simu zetu ni mwaka 2020. Watu wa Ulaya na Marekani walifungiwa ndani kwa sababu ya korona, unga na hamira vikaadimika madukani, na wengi wakaanza kufuga chachu yao wenyewe kwenye chupa na kuoka. Picha zikafuata. Sasa kikapu kimekuwa kama joho la mahafali: watu wanadhani ukikivaa umeshahitimu.

Basi kazi zake ni mbili, na ya tatu ni urembo.

Ya kwanza ni kulishika donge. Ukishakanda unga na kuuacha uumuke, unauumba mviringo, kisha unauacha uumuke mara ya mwisho kabla ya kuuoka. Hapo ndani hamira inakula sukari na kutoa hewa ya kaboni, na nyuzi za gluteni, yaani ule utando wa ngano unaovutika kama ulimbo, zinaifungia hewa hiyo kama ngozi ya puto. Lakini kadiri muda unavyokwenda nyuzi zinalegea. Donge lenye maji mengi halitakubali kusimama peke yake kwa saa nzima, litatambaa. Utaliacha mezani likiwa mpira, utarudi ulikute chapati. Kikapu kinalizuia pembeni, na kwa kuwa haliwezi kwenda pembeni, linakwenda juu.

Ya pili ndiyo watu wengi hawaifahamu. Henzerani, fito na kitambaa vinanyonya unyevu kidogo kutoka kwenye uso wa donge. Uso unakuwa mkavu kiasi, unakuwa na ngozi. Ngozi hiyo ndiyo inayofanya donge litoke bila kunata, lisimame kwa dakika zile chache kati ya kupinduliwa na kuingia motoni, na likatwe na wembe kwa mstari mmoja badala ya kuvutika kama ubani wa kutafuna. Bakuli tupu la plastiki linaiweza kazi ya kwanza peke yake. Haliwezi kunyonya, kwa hiyo donge linatoka jasho na kugandia.

Zile duara za unga mweupe ni urembo. Zinapendeza, sikatai, ila hazina ladha.

Ukishazijua kazi hizo mbili, unajua pia ni mikate gani haihitaji kikapu kabisa, na hapo wengi wataokoa hela yao leo hii. Mkate wa slesi unaokwa ndani ya kopo, na kopo ndilo linaloushika. Boflo halina haja nacho. Mkate wa ajemi na wa mofa ni bapa. Mkate wa kumimina, jina lenyewe linajieleza, ni rojo. Maandazi ndiyo usiseme. Hata baguette ya Wafaransa, ambayo ufundi na utamaduni wake uliingizwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi wa dunia usioshikika mwaka 2022, haiingii kikapuni. Inalazwa kwenye kitambaa kizito kilichokunjwa mifereji. Kikapu ni cha mkate unaookwa bila kopo, wa mviringo au wa umbo la yai, tena wenye donge laini. Kama biashara unayoiwazia ni maandazi ya asubuhi, funga ukurasa huu ukanunue sufuria nzuri.

Waliobaki twende sokoni.

Kipimo kwanza. Kikapu cha mviringo chenye upana wa sentimita 22 hivi juu kinafaa donge la gramu 700 mpaka 900, yaani mkate unaotokana na nusu kilo ya unga. Watu wanapenda kununua kikubwa wakidhani ni faida. Si faida. Donge dogo kwenye kikapu kikubwa linatambaa vilevile, tofauti ni kwamba safari hii linatambaa ndani ya kikapu ulichokilipia. Ukiliweka linatakiwa lijaze nusu mpaka theluthi mbili, likishaumuka likaribie ukingo.

Halafu kikague kama unavyokagua simu ya mtumba. Kigeuze uone mizunguko ya henzerani imefungwa kwa nini. Vile vya bei rahisi vingi vimebanwa kwa pini za chuma, na kwa sisi wa Dar es Salaam, Tanga au Unguja, chuma na hewa ya bahari ni maadui wa tangu zamani: pini itashika kutu, na kutu itaingia kwenye mkate. Vilivyofungwa kwa vijiti vya mbao ni bora. Pitisha soksi kuukuu ndani yake. Ikikwama kwama, kuna vibanzi, na vibanzi vitaishia mdomoni mwa mteja. Kinuse pia. Kikinuka rangi au vanishi kiache, kwa sababu kilichopakwa vanishi hakinyonyi maji, kimekuwa bakuli la bei mbaya. Kuna vya plastiki vyenye umbo lilelile, vinaosheka kwa sabuni na kukauka upesi, na baadhi ya waokaji wa biashara wanavipenda kwa usafi wake, ila ile kazi ya pili ya kunyonya hawaipati bila kutandika kitambaa. Na vipo vya mbao iliyosagwa na kugandamizwa, wanavitumia sana Ujerumani. Ni vizuri mno, ila kukipata huku mpaka mtu akuletee.

Ila mimi kwa mwanachuo anayeanza nashauri asinunue chochote kati ya hivyo. Chukua chujio la plastiki la kuchujia tambi au kuoshea mchele, lile lenye matundu, la mviringo. Tandika kitambaa. Basi. Chujio linashika, kitambaa kinanyonya, matundu yanapitisha hewa. Kazi zote mbili zimefanyika na majirani hawatajua tofauti wakila.

Kitambaa chenyewe kichague kwa akili. Kitani ndicho bora, lakini ni adimu na ghali. Pamba nzito isiyo na manyoya inatosha kabisa. Kile cha rangi ya maziwa ambacho mafundi cherehani wanakiita amerikani au marekani kinafaa sana, na kina historia yake: kilipewa jina hilo karne ya 19, wafanyabiashara wa Marekani walipokuwa wanakishusha kwa marobota Zanzibar. Kifue kwanza kwa maji ya moto kutoa wanga wa dukani. Taulo hapana, litaacha nyuzi na kunatana na donge kwa kila kitanzi chake. Kanga mpya hapana, ina rangi inayochuja, na hakuna anayetaka kusoma jina la fundi wa kanga juu ya mkate.

Na vikapu vyetu je? Kuna vile vya Iringa vya milulu, kuna vya ukindu kila soko la pwani, na mafundi wake hawana mfano. Vinafaa, kwa masharti mawili: kiwe hakijatiwa rangi, maana donge ni bichi na chachu yake ina tindikali, na kitandikwe kitambaa kila mara. Ukimwendea msusi ukamwagiza bakuli la kina kama cha sentimita nane, wazi juu, bila nakshi, utapata kikapu chako na hela imebaki mtaani. Ungo hauna kina. Kawa la kufunikia chakula lina kina, lakini ukiligeuza utapata mkate wenye ncha kama kofia ya mchawi.

Tuje kwenye matumizi, na hapa neno kubwa ni unga wa mchele. Ukinyunyizia kikapu unga wa ngano, unakunywa maji ya donge, gluteni yake inaamka, na baada ya saa moja umejipikia gundi. Unga wa mchele hauna gluteni. Unabaki mkavu, unateleza kama mchanga mwembamba kati ya donge na kikapu. Wazungu wanauagiza kwenye maduka maalumu. Sisi mashine ya kusaga ipo nyuma ya hosteli, na mama wa vitumbua anautumia kila siku. Changanya nusu kwa nusu na wa ngano, au tumia wa mchele mtupu. Kikapu kipya cha henzerani kinyunyizie maji kidogo sana kwanza, kipake unga huo kwa vidole mpaka uingie kwenye mifereji, kiache kikauke, kikung'ute. Kuanzia hapo kila unapokitumia nyunyiza tena, ila kidogo kidogo kadiri kinavyozoea.

Kwa kikapu cha sentimita 22 chukua unga wa ngano gramu 500, maji gramu 325, chumvi gramu 10 na hamira gramu 3. Donge lake ni laini lakini linashikika, linamfaa anayeanza. Kanda, acha liumuke mpaka likaribie kuwa mara mbili, liumbe mviringo kwa kuvuta kingo zake kuelekea katikati, kisha liweke kikapuni likiwa limepinduliwa: ule mshono juu, uso mzuri chini. Wengi wanaweka kinyume. Kumbuka kikapu kitapinduliwa, kwa hiyo cha chini ndicho kitakachokuwa juu. Liumuke tena humo, halafu lipindue juu ya karatasi ya kuokea, lichanje kwa wembe, lipeleke motoni.

Saa ndiyo inayotupiga wengi. Maelekezo mengi ya mtandaoni yameandikwa na watu ambao jikoni kwao ni nyuzi 21 au 22. Chumba chako cha geto Machi kinafika 30 na zaidi. Hamira kwenye joto hilo haitembei, inakimbia. Wakisema saa moja na nusu kikapuni, wewe huenda ukamaliza kwa dakika 40, na ukilisubiria lipitilize litajaa hewa, ukipindua kikapu linanywea huku unaliangalia. Kisha kikapu kinalaumiwa! Kwa hiyo weka saa pembeni, tumia kidole. Kichovye kwenye unga, bonyeza donge kama kina cha ukucha. Likiruka juu mara moja, bado. Shimo likirudi polepole na kuacha alama kidogo, ndiyo wakati wake. Shimo likibaki kama lilivyo, umechelewa. Usilipindue kabisa, liweke kwenye kopo lililopakwa mafuta au lisukume liwe mkate bapa, utalika tu. Kutumia maji ya baridi ya friji wakati wa kukanda kunasaidia sana.

Mwenye nafasi kwenye friji ana raha nyingine. Donge likishaingia kikapuni, litie lote na kikapu chake kwenye mfuko wa plastiki lisikaukie, liweke friji usiku kucha, saa 8 mpaka 12. Kwenye nyuzi kama 4 hamira inasinzia lakini ladha inaendelea kujijenga, na asubuhi donge ni gumu kiasi, linapinduka na kuchanjika bila wasiwasi wowote. Umeme ukikatika usifungue mlango wa friji. Likifungwa linahifadhi ubaridi kama saa nne hivi. Na kama friji ni la watu wanne, jadilianeni mapema kuhusu samaki. Unga ukikaa karibu na samaki usiku mzima unajifunza tabia yake.

Motoni sitakaa sana. Oveni nyuzi 230, mkate ndani ya sufuria nzito yenye mfuniko iliyoshapashwa, dakika 20 imefunikwa na nyingine 20 au zaidi bila mfuniko. Asiye na oveni apalie makaa juu na chini kama mama zetu wanavyookea keki, ya juu mengi kuliko ya chini. Kikapu hakiingii motoni na donge, nalitaja hili kwa sababu swali huwa lipo.

Sasa utunzaji, na hapa pwani ndipo kikapu kinapofia. Hakifi kwa kazi. Kinakufa kwa unyevu.

Ukishapindua donge, usikifungie kabatini. Bado kina maji kiliyoyanyonya. Kikung'ute, kiweke wazi mahali penye upepo mpaka kikauke kabisa, ikiwezekana juani saa chache kikiwa kimelala kifudifudi. Kikishakauka ndipo usugue mifereji kwa brashi ngumu ya nyuzi, ile ya kufulia inafaa mradi iwe mpya, kutoa mabaki ya unga. Ukisugua kingali kibichi unaupaka unga ndani zaidi.

Sabuni usitie. Henzerani inaihifadhi, na utaionja. Maji pia si kila siku. Mwokaji wa nyumbani anaweza kukaa miezi bila kukiosha, akipiga brashi tu. Donge likigandia, acha likauke, libandue kwa kijiti. Likikataa, osha kwa maji ya uvuguvugu peke yake, haraka, bila kuloweka, kisha juani siku hiyohiyo. Ndiyo kusema usioshe msimu wa masika jioni. Kitambaa cha marekani chenyewe kinafuliwa kama kawaida, ila suuza mpaka harufu ya sabuni iishe.

Kuhifadhi: kitundike ukutani au kiweke juu ya rafu kikiwa wazi. Mfuko wa plastiki ni wa friji, si wa kuhifadhia. Na usipange vikapu viwili kimoja ndani ya kingine kabla havijakauka.

Maadui ni wawili. Wa kwanza ni wadudu wa unga, wale wadogo wekundu wanaojua anwani ya kila debe. Mabaki ya unga wa mchele kwenye mifereji ni harusi kwao. Ukiwaona, piga brashi, kisha kiweke kwenye friza siku mbili tatu, au kwenye oveni ya joto la chini, nyuzi 120 kwa nusu saa, kikiwa kitupu na ukikiangalia. Adui wa pili ni ukungu. Vumbi la kijivu la juu juu ukiliwahi linatoka kwa brashi, jua kali na hiyo nusu saa ya oveni. Ila madoa meusi yaliyoingia ndani ya henzerani, yenye harufu ya kabati la nguo za mvua, hayatoki kwa siki wala kwa jiki, na jiki yenyewe haina kazi kwenye chombo cha chakula kinachonyonya. Hapo kikapu kimemaliza kazi ya mkate, iwe ulikinunua kwa bei gani. Kiweke nje ya mlango kibebe kandambili, ukatafute lile chujio.